Sita na Nusu

Jumamosi alasiri muuguzi alikuwa amekaa juu ya kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akilieleza kabati la vyombo kwa Kiingereza. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akalala usingizi wa kuibia, akaamka macho yamemvimba. Simu yake ilikuwa mezani ikihesabu dakika mbili. Kadi ya mazoezi ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, na ilimtaka aeleze kitu cha nyumbani kwao ambacho ni muhimu kwake, kisha aseme kwa nini.

Mama yake alikuwa mkekani na ungo, akichagua mchele. Binti yake alikuwa kizingitini akijalidi daftari la shule kwa gazeti kuukuu. Hakuna aliyemsikiliza kwa makini. Mama hakujua Kiingereza, na binti alikijua kile cha darasani tu, cha huyu ni paka na yule ni mbwa.

Muuguzi alisema kwamba kabati lile lilitengenezwa na baba yake, ambaye hakuwa seremala, na yeyote angelijua hilo akiitazama milango. Alisema kioo cha kushoto kilipasuka siku waliyopata habari kwamba amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, kwa sababu mama yake aliruka kwa furaha akiwa na mwiko mkononi. Alisema kwamba alipokuwa mdogo, radi ikipiga, alikuwa akijikunja katika ile sehemu ya chini, katikati ya masufuria, na kwamba mpaka leo kuna siku kazini hutamani arudi mle ndani ajifungie. Maneno yalikuja yenyewe, hakuyatafuta.

Simu ililia. Kabati halikuwepo. Ukutani ilibaki alama ndefu mahali ambapo rangi ilikuwa bado mpya, na vyombo vilikuwa chini, sahani juu ya sahani, vikombe vimefudikizwa.

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye ungo.

"Limeenda," alisema. "Lakini vyombo limetuachia. Lina adabu kuliko mume wako."

Mume wa muuguzi hakuwa ameelezwa na mtu. Aliondoka mwenyewe, kwa basi, miaka mingi iliyopita, na sufuria kubwa akaenda nayo. Binti aliokota sahani, wakatafuta katoni ya kuziwekea, na chakula cha jioni kikapikwa kama kawaida.

Ule ulikuwa mwanzo mzuri. Muuguzi alikuwa ameshaufanya mtihani wa Kiingereza mara mbili, na mara zote mbili sehemu ya kuzungumza ndiyo iliyomwangusha. Hospitali ya ng'ambo iliyomtaka ilitaka saba. Yeye alipata sita na nusu, akarudia, akapata sita na nusu. Kusoma alipita, kuandika alipita, kusikiliza alipita kwa alama za kuringia. Kuzungumza ndiko kulikomrudisha mlangoni kila mara.

Na Kiingereza chenyewe hakikuwa mgeni kwake. Uuguzi aliusomea kwa Kiingereza, mitihani yake aliifanya kwa Kiingereza, na kila asubuhi katika wodi ya watoto njiti alikabidhi zamu kwa Kiingereza: kitanda cha kwanza, amenyonya, amekojoa, hali yake inaridhisha, kitanda cha pili, anapumua kwa mashine, hali yake ni ya kuangaliwa. Wauguzi wapya aliwafundisha yeye, kwa lugha hiyo hiyo. Lakini kazi haikuwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa mtihani, na mtihani ulilipiwa.

Basi, wiki chache kabla ya siku ya kabati, akaenda kwa Mwalimu Saba. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelijua, kwa kuwa mtu huyu hakuwa na desturi ya kujitambulisha. Aliingia darasani akisema "Saba!" na kutoka akisema "Saba!" Darasa lake lilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya kuziba matairi, na halikuwa na kiti hata kimoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake mjini. Viti vyote vilikuwa vimeelezwa na wanafunzi waliofaulu, maana mtu akirudia mtihani mara nne, hata kiti cha plastiki kinakuwa ndugu. Ubao nao ulikuwa umekwenda. Mwalimu aliandika ukutani.

"Kipimo ni hicho hicho," aliwaeleza wageni. "Ukisema ovyo, kitu kinakaa zake. Ukifika sita na nusu, kinatikisika. Ukifika saba, kinakwenda. Hakuna mashine inayopima vizuri hivyo, na mimi hainilii umeme."

"Kinakwenda wapi?" aliuliza muuguzi, kwa sauti ya mtu anayeuliza basi linapita njia ipi.

"Kule," alisema Mwalimu Saba, akaelekeza kidevu dirishani, upande wa uwanja wa ndege.

Karibu na dirisha hilo alikaa mfamasia mmoja mpole, ambaye alikuwa ameshapeleka baiskeli, redio ya marehemu kaka yake, na mbwa. Aliitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyo.

Mwalimu Saba alimsikiliza muuguzi akieleza mto wa utotoni kwake, akamkatiza katikati.

"Sista, Kiingereza unacho. Tena kingi. Ila unazungumza kama unakabidhi zamu. Mto una maji, unatiririka, hali yake inaridhisha. Nani akupe saba kwa hilo?"

Darasa zima lilicheka, na muuguzi akacheka pia, kwa sababu ilikuwa kweli. Wodi ilikuwa imemfundisha kusema kilichopo na kuacha kinachouma. Anayekabidhi zamu huku analia huwachelewesha wenzake.

"Sasa nifanyeje, Mwalimu?"

"Eleza unachokipenda. Na usidanganye. Uongo haufiki saba, nimeshajaribu. Wala usikimbilie ndoo na ufagio ukidhani utapona. Ndoo haina hadithi."

Watu walisema kwamba nyumbani kwa Mwalimu Saba palikuwa na mkeka mmoja na birika, na kwamba zamani alikuwa na mke. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza.

Muuguzi alikuwa na sababu yake ya kuitafuta saba, na haikuwa ya siri. Wodini kwao mashine za oksijeni zilikuwa mbili, moja mbovu. Watoto walilazwa wawili wawili katika kitanda kimoja cha joto, na asubuhi nyingine mashine ilihitajika na watoto watatu, naye ndiye aliyeulizwa, Sista, tumpe nani? Alijibu, kwa sababu lazima mtu ajibu. Kisha alirudi nyumbani na hakutaka kuzungumza na mtu mpaka jua lizame. Kule ng'ambo, walisema, kila mtoto ana mashine yake. Alichoka kuchagua. Na alitaka mama yake, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia, akae mahali penye joto la ndani na daktari wa karibu. "Nitawachukua wote wawili," aliwaambia mama na binti kila jioni, kama watu wengine wanavyoomba dua kabla ya kula.

Nyumba ikaanza kupungua. Mpera wa uani ulikwenda siku ya Jumatano, na ndege waliokuwa matawini wakazungukazunguka hewani, kisha wakahamia kwa jirani. Jirani alikuja kulalamika kuhusu kelele, akapewa pole. Saa ya ukutani ilikwenda. Kitanda cha mbao kilikwenda, wakawa wanalala watatu mkekani, na mama akasema mgongo wake siku zote ulikuwa unapenda chini.

Binti alianza kuficha vitu vyake. Doli lake alilizungushia kitambaa akawa anakwenda nalo shuleni ndani ya mkoba.

"Mama, doli langu usilieleze."

"Silielezi."

"Na mimi usinieleze."

"Sikuelezi, mwanangu."

"Hata kwa sita?"

"Hata kwa sita."

Cherehani ndiyo iliyokuwa ngumu. Kwa cherehani ile mama alishona sare za shule za mtaa mzima, na kwa sare zile muuguzi alisoma. Aliikwepa kadi ya vifaa mara tatu, mpaka mama yake akamwambia acha uzembe.

"Ieleze. Macho yangu yenyewe hayalioni tena tundu la sindano. Inakaa hapa inakula vumbi, bora iende ikatembee."

Aliieleza. Alieleza mlio wake uliokuwa ukimpeleka usingizini, na mguu wa mama juu ya kikanyagio, na siku mkanda ulipokatika ukafungwa kwa kamba ya kiatu. Cherehani ikaenda, uzi wake ukabaki sakafuni. Mama aliuokota, akauzungusha kwenye kidole, akaufungua, akauzungusha tena, na jioni ile hakufanya utani wowote.

Kuhusu watu, Mwalimu Saba alikuwa na kanuni. Kadi ya mtu ilikuwa ikitoka mara kwa mara, na kila mwanafunzi alitakiwa aandae marehemu mmoja. "Marehemu hana pa kwenda tena," alisema. Mfamasia aliandaa kaka yake. Muuguzi alimwandaa baba yake, akamfanyia mazoezi mpaka picha yake ya ukutani ikaondoka na fremu. Baba mwenyewe alibaki alipokuwa.

Jioni ya kuamkia mtihani, mama alikuwa akimsuka binti nywele.

"Na wakitaka umweleze mtu aliye hai?"

"Hawataki hivyo mara nyingi, Mama."

"Sikuulizi mara nyingi. Nakuuliza wakitaka."

Muuguzi alizipanga upya kadi zake za mazoezi.

"Nieleze mimi," alisema mama yake. "Huyu mtoto usimguse."

"Mama, safari yote hii ni kwa ajili yako. Nikupeleke wewe ili nipate nini?"

"Nitatangulia tu. Nikutayarishie kigoda." Alivuta msuko wa mwisho, akaufunga kwa ule uzi wa cherehani. "Na useme vizuri. Nisije nikakwama njiani na sita na nusu yako."

Binti alicheka. Muuguzi alitaka kukasirika, akashindwa.

Mtihani ulifanyiwa katika ukumbi wenye zulia. Watahiniwa walipigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole, wakatolewa saa na hirizi na leso. Mtahini alikuwa bwana mwenye miwani, mpole, na mbele yake palikuwa na kinasa sauti kidogo. Alimkabidhi muuguzi kadi na penseli, akampa dakika ya kujiandaa.

Kadi ilimtaka amweleze mtu aliye hai, anayemwona mara kwa mara, aliyemfundisha jambo fulani.

Aliisoma tena. Baba hakufaa. Alimfikiria Mwalimu Saba, lakini hakumpenda kiasi hicho. Penseli haikugusa karatasi. Dakika ilikwisha.

Alianza kama anavyojua kuanza. Mwanamke, umri umepita miaka sabini, magoti yanamsumbua, anakula vizuri, akili timamu. Mtahini aliitikia kwa kichwa na kuandika tarakimu ndogo. Kwa jinsi mkono ulivyozunguka, ilikuwa sita.

Kisha akasema kwamba mama huyo ndiye aliyemfundisha kumwogesha mtoto mchanga. Kabla ya chuo, kabla ya vitabu, uani, kwa mtoto wa jirani. Kichwa unakilaza mkononi, maji unayapima kwa kiwiko, na muda wote unamsemesha, ili ajue kwamba hajaangushwa. Alisema kwamba wodini huwasemesha watoto wote hivyo hivyo, kwa maneno yale yale ya mama yake, hata wale ambao anajua hawataiona jioni. Hasa wale. Alisema kwamba mtu akimuuliza uuguzi ni nini, hakumbuki chuo, anakumbuka kiwiko cha mama yake ndani ya maji. Alisema kwamba anampenda mama yake kuliko alivyopata kumpenda mtu yeyote mzima, na kwamba hajawahi kumwambia.

Na hapo akatambua, akiwa katikati ya sentensi, kwamba anamwambia bwana mwenye miwani na kinasa sauti, kwa lugha ambayo mama yake haisikii. Sentensi haikusimama. Ilikwenda mpaka mwisho, na sarufi yake ilikuwa safi.

"Asante," alisema mtahini, kwa sauti aliyowapa wote.

Nyumbani, binti alikuwa kizingitini, ungo mapajani, akichagua mchele.

"Bibi ameenda," alisema.

"Ameenda saa ngapi?"

"Alikuwa hapa na huu mchele. Akaacha, akasikiliza. Akasema, mama yako leo anazungumza vizuri. Kisha akaenda."

"Na viatu?"

"Ameacha."

Muuguzi aliviokota viatu vya mama yake, akavipangusa tope kwa upindo wa gauni, akaviweka pamoja nyuma ya mlango. Kisha akakaa sakafuni akalia kwa sauti, kilio chote alichokuwa hakikabidhi kwa miaka ile yote, na binti akaushika ungo kwa mikono miwili ili mchele usimwagike.

Majibu yalikuja. Kuzungumza, nane. Mwalimu Saba alinunua soda kwa darasa zima na kuandika tarakimu hiyo ukutani, kubwa, juu ya dirisha. Wenzake wodini walimpongeza, wakamuuliza lini wampe mkono wa kwaheri. Alisema karibuni.

Mfamasia, ambaye alikuwa ameshafika kule, alimtumia ujumbe. Alisema amemwona mama. Anakaa kwenye kituo cha basi mbele ya hospitali, na msamaria mmoja amempa viatu vya mvua vinavyomzidi. Yuko kwenye kigoda, haijulikani amekitoa wapi, na pembeni yake ana kigoda cha pili ambacho hataki mtu akikalie. Wapita njia wanapita. "Nilipomwambia shikamoo, Sista, alinishika mkono hakuniachia mpaka basi langu likaondoka. Alisema hiyo ndiyo ya kwanza tangu afike. Nilitaka nimpeleke kwangu, akakataa. Anasema ukifika usije ukamkosa."

Muuguzi aliposoma hayo alianza kukimbiza karatasi zake, lakini karatasi hazikukimbia. Kulikuwa na kibali cha polisi, na kibali cha baraza la wauguzi, na picha ya kifua, na picha ya kifua upya kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imezeeka. Hospitali ya kule ilibadilisha mkuu wake, ikasimamisha ajira, ikazifungua, ikamtaka aanze tena kwa polisi. Mvua zikaja zikaisha. Binti akapita viatu vyake, akaanza kuvaa vya bibi yake.

Cheti cha mtihani huishi miaka miwili, kama dawa. Siku kilipokwisha muda, muuguzi alipata ujumbe wa heshima sana. Ulimshukuru kwa uvumilivu wake, ukamtaka aufanye mtihani upya, ili ithibitike kwamba anakijua Kiingereza. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza. Aliusoma akiwa wodini, akauelewa wote, akarudisha simu mfukoni na kwenda kumgeuza mtoto wa kitanda cha tano.

Mwalimu Saba alimkaribisha asimame ukutani, kwa kuwa sakafu ilikuwa imejaa wanafunzi.

"Umebakiwa na nini nyumbani, Sista?"

"Beseni. Ungo. Kigoda. Viatu, lakini vinavaliwa."

"Na nani?"

Mwalimu Saba aliutazama ukuta wake, mahali ilipoandikwa ile nane. "Saba," alisema, lakini polepole, na hakumwangalia usoni.

Alijaribu kujiandaa kwa vile vilivyobaki. Ungo ulitikisika. Kigoda kilitikisika. Beseni halikusogea hata kidogo. Alimjaribu tena marehemu baba yake, lakini alikuwa ameshamtumia, na mtu akimrudia marehemu anaanza kutunga.

Ukumbi ulikuwa ule ule, zulia lile lile. Mtahini safari hii alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye mafua. Alipiga chafya, akaomba radhi, akampa kadi. Ilimtaka amweleze mtu wa familia anayeishi naye nyumba moja.

Muuguzi aliweka penseli chini.

Alimwona mama yake katika kituo cha basi, na viatu vilivyomzidi, na mkono juu ya kigoda cha pili. Angepata saba, angekuwa na cheti tena. Na binti yake angekwenda kukaa kando ya bibi yake barabarani, kwenye baridi, wawili wakiwaamkia watu wasioitikia, na yeye angebaki huku na cheti cha miaka miwili, akipeleka picha ya kifua. Alitaka kumfikia mama yake. Hilo alilijua, na alijua pia kwamba mama yake alishasema, huyu mtoto usimguse.

Dakika iliisha. Alikabidhi zamu.

Msichana, alisema, miaka kumi na mmoja. Uzito wa kawaida. Anakula vizuri. Analala usiku kucha. Hana homa, hana kidonda. Anapumua mwenyewe.

Hilo la mwisho lilimtoka polepole kuliko mengine. Hali yake inaridhisha, alisema.

Muda ulikuwa umebaki mwingi. Mtahini alisubiri, leso mkononi, kisha akamuuliza kwa upole kama ana lolote la kuongeza.

"Hakuna la kuongeza," alisema muuguzi.

Wakakaa wakiisikiliza feni mpaka dakika mbili zikaisha.

Alirudi nyumbani kwa miguu, haraka, akipishana na watu bila kuwasalimu. Binti alikuwa kizingitini na kitabu cha hesabu, kalamu mkononi, miguu ndani ya viatu vya bibi yake. Muuguzi alisimama getini akashika nguzo mpaka pumzi zikamrudia.

"Mama," alisema binti bila kuinua kichwa, "leo mchana nilitikisika."

"Sana?"

"Kidogo. Kalamu ilinidondoka."

Basi ni sita na nusu, aliwaza muuguzi. Hakuhitaji kusubiri majibu. Watamshukuru, watamkaribisha ajaribu tena. Kesho asubuhi atakabidhi zamu kwa Kiingereza kama siku zote, mashine mbili, moja mbovu, na huko mbali mama yake ataendelea kukilinda kile kigoda.

"Uliniahidi hata kwa sita," alisema binti.

"Nisamehe, mwanangu. Nilijitahidi isifike hapo."

Akakaa naye kizingitini, wakabanana, na akamwambia. Alimwambia kwa lugha ya nyumbani, ile ambayo haiulizwi na kadi yoyote. Alimwambia alivyozaliwa siku ya mvua na bibi yake akapima maji kwa kiwiko. Alimwambia kwamba akilala hukoroma kidogo, na kwamba wodini, mtoto akianza kupumua mwenyewe, yeye humfikiria binti yake kwanza. Alimwambia kwamba anampenda, akalirudia neno hilo, akalirudia tena. Dakika mbili zilipita, zikapita nyingine mbili. Alisema vizuri kuliko alivyowahi kusema kitu chochote mbele ya mtu yeyote, na alikuwa ameushika mkono wa mtoto kwa nguvu, akisikiliza kama utatikisika.

Mkono ulitulia. Mtoto alikuwa pale pale, na jua la jioni mashavuni.

"Nimesikia, Mama," alisema. "Sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Muuguzi akasogea.